Madaftari Mawili

Hotuba ya mwalimu mkuu mstaafu kwa walimu wa ajira mpya, Newala, mkoani Mtwara, 2025

Ndugu Afisa Elimu, walimu wakuu mlio kazini, wastaafu wenzangu tuliokwisha kukabidhi funguo, na ninyi wanangu mliopanda huku juu juzi na mabegi yenu: habari za asubuhi. Walioniamkia pale mlangoni, marahaba tena.

Nimepewa kuzungumzia maadili na taratibu za utumishi wa mwalimu. Vitabu vya sheria na kanuni mtapewa, na wanasheria wa halmashauri watawasomea vifungu mchana. Mimi nimekuja na madaftari mawili. Moja alinipa mkaguzi wa shule mwaka 1991. La pili nilipewa mwaka 2009, siku nilipokabidhiwa shule. Yote mawili yalikuwa ya kumsimamia mwalimu. Moja lilinifundisha kazi. La pili lilinitia aibu ambayo sijaimaliza.

Nianze na la 1991. Nilikuwa na miaka sita kazini, nafundisha hisabati darasa la tano. Mkaguzi wa siku zile mlimjua kwa gari. Likionekana vumbi barabarani, mwalimu wa zamu anakimbia darasa hadi darasa kuonya. Mkaguzi anakaa ofisini kwa mwalimu mkuu, anapelekewa maazimio ya kazi, maandalio ya masomo na shajara. Anapitisha kalamu nyekundu, anagonga muhuri, anakula chakula cha mchana, anaondoka. Wapo waliokaguliwa hivyo miaka ishirini bila mkaguzi hata mmoja kuwaona wakifundisha.

Mwaka ule alikuja mama mmoja mfupi, mtu wa makamo. Alipita ofisini, akasalimu, akaomba stuli. Akaja nayo darasani kwangu, akaiweka nyuma kabisa karibu na wale watoto wakubwa, akakaa. Alikaa vipindi vinne. Hakusema neno. Mapumziko yalipofika alinipa daftari dogo la mazoezi, lile la kurasa thelathini na mbili, akasema nilisome nyumbani. Ndani alikuwa ameandika mstari mmoja: umeuliza maswali kumi na matatu, kumi na moja umewapa wavulana.

Usiku ule nilikaa na kibatari nikajaribu kukumbuka. Nilitaka nimpinge. Sikuweza, kwa sababu nilipojaribu kutaja majina ya wasichana wa darasa langu nilifika la tisa nikakwama, nao walikuwa ishirini na zaidi. Kesho yake nilichora orodha kwenye karatasi ya manila, nikawa natia alama kila ninapomwita mtoto. Alikuwapo binti mmoja upande wa dirisha ambaye tangu Januari sikuwahi kuisikia sauti yake. Nikamwita ajibu swali la sehemu. Akasimama, akashika ukingo wa dawati kwa mikono yote miwili, akajibu sawasawa, kwa sauti ndogo hata nikalazimika kusogea hadi mbele yake ndipo nimsikie. Alikuwa anaijua hesabu ile siku zote, na hakuna aliyemuuliza.

Huo ndio usimamizi, wanangu. Yule mama hakunitisha wala hakunisifu. Alikiona nisichoweza kukiona nikiwa nimesimama mbele, akaniachia. Orodha ile ya manila niliitumia hadi nilipostaafu.

Sasa daftari la pili. Hili nitakaa nalo zaidi.

Mwaka 2009 niliteuliwa kuwa mwalimu mkuu. Katika makabidhiano nilipewa muhuri, leja ya stoo, rejesta za wanafunzi, na kaunta buku moja lenye jalada la bluu. Juu yake mtu aliandika kwa mwandiko mzuri: Daftari la Adhabu ya Viboko. Nikalifungua. Lilipigwa mistari na kugawanywa vizuri: tarehe, jina la mwanafunzi, kosa, sababu, idadi ya viboko, jina la mwalimu, saini ya mwalimu mkuu. Ingizo la mwisho lilikuwa la mwaka 2003. Baada ya hapo kurasa nyeupe. Na nyuma ya mlango wa ofisi ya walimu palikuwa na fungu la fimbo za mpera, mbichi, zimekatwa wiki ile.

Lazima mjue sheria inasemaje, maana wengi wenu mtakutana na fimbo hizo kabla hamjakutana na kanuni. Sheria ya Elimu ni ya mwaka 1978. Kanuni za adhabu ya viboko zinazotumika ni za mwaka 2002. Zinasema adhabu hiyo itolewe na mwalimu mkuu, au mwalimu ambaye mwalimu mkuu amemruhusu kwa maandishi. Visizidi viboko vinne. Vipigwe mkononi au makalioni juu ya nguo, kwa fimbo nyepesi. Msichana achapwe na mwalimu wa kike, labda kama shuleni hayupo hata mmoja. Na kila mara iandikwe daftarini. Mwalimu anayempiga mtoto kibao shavuni, anayempigisha magoti juani, anayechapa darasa zima kwa kufeli jaribio, yuko nje ya kanuni hata kama shule nzima inafanya hivyo, na hata kama mzazi mwenyewe amemwambia amchape.

Jumatatu yangu ya kwanza nilisimama dirishani saa ya mstari. Waliochelewa walipangwa pembeni. Nilihesabu viboko zaidi ya arobaini kabla ya kengele ya kipindi cha kwanza. Nami nilitoka nje, na vichache kati ya hivyo nilivipiga mimi. Ijumaa nikalifungua daftari. Hapakuwa na hata kimoja.

Nikawaambia walimu: kuanzia wiki ijayo sitamkataza mtu, ila kila kiboko kitaandikwa, na safu ya sababu haitabaki wazi. Walinuna. Walisema ni kazi ya ukarani. Lakini safu ile ya sababu ina nguvu ambayo sikuitazamia, kwa kuwa huwezi kuijaza mpaka umuulize mtoto. Mwalimu aliyezoea kusema "lete mkono" sasa ilimpasa kwanza aseme "umechelewa kwa nini?" Baada ya wiki tatu nililisoma daftari lile toka juu hadi chini. Amechelewa, alifuata maji. Amechelewa, maji. Hakuleta daftari, limeisha. Maji. Alikuwa akiokota korosho na bibi yake. Maji.

Ninyi mliotoka kanda nyingine mtaona wenyewe. Huku juu kwenye uwanda wa Makonde maji ni shida kubwa. Mtoto anateremka bondeni alfajiri, anapanda na dumu kichwani, anaoga kwa alichobakiza, anakimbia shule. Huyo ndiye tuliyekuwa tukimpokea kwa fimbo ya mpera. Mimi nimezaliwa huku, nimebeba maji hayo hayo, na bado nilimchapa, kwa sababu niliyoyaona nikiwa mtoto ndiyo niliyoyafanya nilipokuwa mwalimu, na kwa miaka yote ile hakuna mtu aliyenitaka niandike sababu.

Tukakubaliana kwamba mtoto wa maji anaingia moja kwa moja darasani, anakaa, anafungua daftari lake. Mwaka uliofuata fungu la fimbo nyuma ya mlango lilikauka na kuchukuliwa kuwa kuni. Sisemi shule ilibadilika siku moja. Wapo walimu wawili walioendelea kuchapa huko nyuma ya vyoo, na ilinichukua muda kuwapata. Lakini nawaambia ninachoamini baada ya miaka thelathini na minane ya kazi hii: kanuni ya 2002 inatosha kumwonya mwalimu, haitoshi kumlinda mtoto. Jirani zetu Kenya waliondoa viboko mashuleni mwaka 2001, na watoto wao wanasoma. Nasi tuviondoe. Agosti 2018, mkoani Kagera, mwanafunzi wa darasa la tano alifariki dunia baada ya kuchapwa shuleni, na mwalimu akafikishwa mahakamani. Kila mwalimu mkuu nchini aliyesikia habari ile alikumbuka daftari lake. Mimi nilikumbuka langu.

Baada ya hapo mtauliza, basi nani anamsimamia mwalimu? Jibu linachosha, lakini lijueni, maana msipolijua mtahangaishwa kutoka ofisi hadi ofisi. Wizara ya Elimu inatoa sera. Taasisi ya Elimu inatoa mtaala. Baraza la Mitihani linatunga mtihani. TAMISEMI, yaani Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, na halmashauri ndio wenye shule, na mkurugenzi ndiye mwajiri wako. Wathibiti ubora wa shule, ambao zamani tuliwaita wakaguzi, wanakuja kuangalia ufundishaji. Afisa elimu kata yuko jirani yako kila wiki. Na mambo yako ya utumishi, kuanzia kuthibitishwa kazini, kupanda daraja hadi nidhamu, yako chini ya Tume ya Utumishi wa Walimu, ambayo sheria yake ni ya mwaka 2015 na ilianza kazi Julai 2016. Ninyi mmeongezewa mlango mmoja ambao sisi hatukuupita: mmefanyiwa usaili na Sekretarieti ya Ajira.

Haikuanza hivi. Huku kusini mwalimu wa zamani alikuwa chini ya misheni, ya Masasi au ya Ndanda, na mwenendo wake kanisani ulihesabiwa pamoja na kazi yake darasani. Mwalimu wa serikali alikuwa na masharti yake, wa misheni ya kwake. Utumishi mmoja wa walimu wote ulianzishwa mwaka 1962, mwaka mmoja tu baada ya Uhuru, na mwaka 1969 serikali ikachukua shule za misheni. Wazee wetu walitaka jambo la haki kabisa: mwalimu wa Newala na mwalimu wa Moshi wawe sawa, na asifukuzwe mtu kwa hasira ya mtu mmoja. Tume mliyonayo leo ni mtoto wa fikra ile.

Kwa hiyo msiione Tume kama polisi. Ukishtakiwa kwa kosa la nidhamu una haki ya kupewa hati ya mashtaka, kujibu kwa maandishi, kusikilizwa. Mwalimu mkuu wako anashughulikia makosa mepesi tu, makubwa yanakwenda kamati ya wilaya. Usiporidhika unakata rufaa Tume makao makuu, na kutoka hapo kwa Rais. Tunzeni nakala ya kila barua. Nimeona mwalimu mzuri akipoteza miaka kwa sababu ya barua moja aliyoiacha ofisini bila nakala.

Kosa linaloongoza mezani kwa Tume ni utoro kazini. Siku tano bila ruhusa, unaweza kufukuzwa. Nakubali kabisa adhabu iwe kali, kwa kuwa mwalimu asipokuja watoto wanakaa na ubao mtupu, na hakuna atakayewarudishia wiki ile. Lakini nataka viongozi mlioko hapa mnisikie pia. Miaka ya tisini mwalimu alikwenda wilayani kufuata mshahara siku tatu, akalala kwa ndugu, akarudi na nusu yake. Shida hiyo benki na simu zimeimaliza. Zipo zilizobaki. Vijana hawa wanastahili fedha za kujikimu wanaporipoti. Wapeni kwa wakati. Mwalimu aliyehamishwa anastahili posho ya uhamisho. Mkimhamisha bila posho, akachelewa kuripoti kwa kutafuta nauli, kisha mkamwandikia utoro, mmeitumia sheria dhidi ya mtu mliyetangulia kuivunja dhidi yake. Nyumba za walimu mnazijua. Hesabu ya watoto arobaini na watano kwa mwalimu mmoja mnaijua, na Januari 2016, elimu bila malipo ilipoanza, darasa langu la kwanza lilikuwa zaidi ya mara tatu ya hapo. Nilifurahi kuwaona, watoto ambao michango iliwafungia nje miaka yote. Nililia pia, chini ya mwembe, kwa kuwa nilikuwa na mwalimu mmoja wa kuwapa.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ni gumu kwangu kulisema, na nawaomba walimu wa kiume mkae wima.

Katika shule moja niliyofanya kazi kabla sijawa mkuu, alikuwapo mwalimu aliyekuwa anawaita wasichana wa darasa la sita na la saba nyumbani kwake kumpelekea maji na kufagia. Sote tulijua. Wasichana walipangiana zamu ili asiende mmoja peke yake. Hebu fikirini hilo: watoto wa miaka kumi na miwili walikuwa wameweka utaratibu wa kulindana, na sisi watu wazima tulikuwa hatuna utaratibu wowote. Mzazi mmoja alipokuja kulalamika, kikao kilikaa, na mwalimu yule akahamishwa. Hakushtakiwa, alihamishwa tu, kata ya mbali, kwenye shule nyingine iliyojaa watoto, na barua yake ya uhamisho ilisema ni kwa mahitaji ya kikazi. Nilikuwa katika kikao kile. Nilinyamaza.

Tangu 2016 Sheria ya Elimu inasema anayempa mwanafunzi mimba anakabiliwa na kifungo cha miaka thelathini. Na tangu Novemba 2021 msichana aliyejifungua anaruhusiwa kurudi shule, jambo ambalo lilikuwa limechelewa mno. Vyema. Lakini kifungo kinakuja mtoto akiwa ameshaumia. Kinachozuia ni mwalimu mwenzake anayesema mapema, na kumbukumbu inayomfuata mtu anapohama. Wenzetu wa Kenya, tume yao huwafuta walimu wa namna hiyo katika rejesta na kuyatangaza majina yao hadharani, shule yoyote ijue. Kwetu Tume inasimamia walimu wa shule za umma tu, kwa hiyo aliyefukuzwa huku aliweza kuvuka barabara akaajiriwa shule binafsi. Sheria ya mwaka 2018 ya Bodi ya Kitaalamu ya Walimu ndiyo iliyokusudiwa kuziba pengo hilo, kwa usajili na leseni kwa walimu wote, wa umma na wa binafsi. Nasikia baadhi yenu mkinung'unika kuhusu leseni, kwamba ni karatasi nyingine na gharama nyingine. Naelewa. Ila daktari ana leseni, muuguzi ana leseni, na mtu anayekaa na watoto sitini ndani ya chumba kilichofungwa hana budi kuwa na kitu kinachoweza kuondolewa mikononi mwake moja kwa moja akimgusa mtoto. Mimi naitaka leseni hiyo. Naitaka kwa ajili ya wale wasichana waliopangiana zamu.

Jambo moja tu naiomba Bodi, na ninyi mliomo kwenye Chama cha Walimu mlibebe: leseni isije ikawa muhuri wa kalamu nyekundu. Lile pendekezo la kimataifa kuhusu hadhi ya walimu, lililopitishwa Paris tarehe 5 Oktoba 1966, ambalo ndiyo asili ya Siku ya Walimu Duniani, linataka kanuni za maadili zitungwe na vyama vya walimu wenyewe. Walimu tukijitungia, tutajua cha kuuliza. Tutauliza, je, mwalimu huyu anaweza kumfundisha mtoto wa darasa la pili kusoma? Nani amekaa nyuma ya darasa lake akamsikiliza?

Mimi nilifundishwa na mwalimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Mwaka 1977 alikuwa kijana aliyemaliza darasa la saba juzi tu, asubuhi anatufundisha, mchana anajifunza ualimu pale pale kijijini kwa masomo ya posta na redio. Watu kama yeye walipatikana zaidi ya elfu 35 nchi nzima, na watu wengi huwataja kwa dharau. Alikuwa anakosea hesabu ubaoni, kisha kesho yake anasahihisha mbele yetu na kusema jana nimewaambia uongo bila kujua. Alikuwa na mratibu aliyepita kila wiki, akakaa naye chini, wakasahihisha pamoja. Ndiyo maana nikaweza kusoma na kuhesabu. Leo mnayo MEWAKA, yale mafunzo endelevu ya walimu kazini, mnakutana shuleni kwenu, mnaingia madarasani mwa wenzenu. Msiyageuze kikao cha kusaini mahudhurio. Huyo mwenzako anayekaa nyuma ya darasa lako Alhamisi anaweza kukuandikia mstari mmoja utakaoutumia miaka thelathini.

Nimepitiliza muda, Mwenyekiti, nakuona unatazama saa.

Jumatatu mnaripoti vituoni. Mtaonyeshwa nyumba kama ipo, mtaonyeshwa darasa, mtaonyeshwa choo. Nawaomba, kabla siku haijaisha, mwombeni mwalimu mkuu awaonyeshe daftari la adhabu, na mlifungue mbele yake. Kaunta buku lile la bluu ninalo hapa, shule ilinipa nilipostaafu. Nitaliacha mezani. Njooni mlisome safu ya sababu wakati wa chai.

Asanteni.